Shajara ya Mradi: Wasifu wa Nicholas Trübner, Muuza Vitabu wa London

Tarehe 12 Januari

Leo nimeianza rasmi kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu nilipofunga duka, nayo ni kuandika kwa Kiswahili wasifu wa Nicholas Trübner, mzaliwa wa Heidelberg, Ujerumani, aliyehamia London mwaka 1843 akiwa bado kijana na kufia hukohuko tarehe 30 Machi 1884, baada ya kujenga biashara ya vitabu iliyojulikana na wanazuoni wa lugha kutoka Boston hadi Bombay.

Kilichonisukuma ni mstari mmoja wa maandishi. Nimeuza vitabu Mombasa kwa zaidi ya miaka 30, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo nimekuwa na nakala iliyochapwa upya ya kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, ambayo sikuwahi kuitia bei. Juu ya ukurasa wa anwani limo jina la Krapf, ambaye hapa petu hana haja ya kutambulishwa, kwani alifika Mombasa mwaka 1844, na mkewe Rosine akafariki mwaka huohuo na kuzikwa ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo hadi leo watu huenda kuzuru. Chini kabisa ya ukurasa huo, kwa herufi ndogo, yamo maneno mengine: Trübner and Co., Ludgate Hill, London, 1882. Katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu hata mmoja, nami nikiwamo, akiuliza huyo Trübner alikuwa nani.

Nakusudia kitabu kidogo cha sura saba, kisichozidi kurasa 90. Mpwa wangu, aliyesoma Kijerumani chuo kikuu, amekubali kunisomea yale yaliyochapwa kwa herufi za Kijerumani za kale, ambazo macho yangu hayaziwezi.

Tarehe 20 Januari

Wiki nzima imekwenda kwenye istilahi, na sijutii, kwa sababu istilahi ikikosewa mwanzoni huuharibu wasifu wote. Sisi tuna muuza vitabu, tuna mchapishaji, na tuna mpiga chapa, na tunazoea kudhani kwamba hao ni watu watatu wenye milango mitatu. Katika London ya karne ya 19 mipaka haikukaa hivyo. Trübner aliuza vitabu vya watu wengine dukani kwake, akaagiza vitabu kutoka nje kwa niaba ya maktaba na wasomi, na papo hapo akagharamia au akasimamia utoaji wa vitabu vyenye jina lake mwenyewe. Lakini mitambo ya chapa haikuwa yake. Vitabu vyake vingi kuhusu lugha na dini za Mashariki vilipigwa chapa na Ballantyne, Hanson and Co. wa Edinburgh na London, na vingine na Stephen Austin wa mji wa Hertford, ambako herufi za maandishi ya Asia zilikuwa zimekusanywa kwa sababu chuo cha East India Company kilikuwa jirani.

Basi nimeamua: Trübner ataitwa muuza vitabu kila mahali, na neno mchapishaji litatumika pale tu ninapozungumzia kitabu chenye jina lake chini ya ukurasa wa anwani. Mchapishaji wa leo tunamfikiria akiwa ofisini na miswada mbele yake. Huyu alianza na wateja, na miswada ikamfuata kupitia kwa wateja hao.

Tarehe 3 Februari

Rasimu ya sura ya kwanza imekamilika. Baba yake Trübner alikuwa sonara mjini Heidelberg, na yeye alikuwa mkubwa kati ya watoto wa kiume wanne. Mpwa wangu aliposikia hayo aliniuliza, "Mjomba, kama baba alikuwa sonara na yeye ndiye kifungua mimba, kwa nini hakurithi ufundi?" Swali hilo lilinifaa, kwa sababu ndilo linalofungua maisha yake yote. Kijana alipenda masomo na alitamani chuo kikuu, nacho kilikuwa palepale mjini kwao, kimoja kati ya vya kale kabisa katika nchi za Kijerumani. Ila wazazi hawakuwa na uwezo wa kumlipia. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, wakampeleka kwa Mohr, muuza vitabu wa mji huo, awe mwanafunzi wa kazi. Alikaa hapo miaka sita. Kila siku aliviona vitabu vya wanachuo vikiingia na kutoka, akavijua kwa majina, kwa bei na kwa waandishi wake, na nadhani ndipo alipoanza tabia iliyomfikisha mbali, ya kuusoma ulimwengu wa elimu kwa kupitia orodha zake.

Baada ya Heidelberg alifanya kazi Göttingen kwa Vandenhoeck und Ruprecht, kisha Hamburg kwa Hoffmann und Campe, kisha Frankfurt kwa Wilmans. Hamburg inastahili aya ya peke yake. Hoffmann und Campe ndio waliokuwa wakimchapisha Heinrich Heine, na mwezi Desemba 1835 Baraza la Shirikisho la Kijerumani lilipopiga marufuku maandishi ya kundi la waandishi vijana, Heine akiwamo, liliitaja nyumba hiyo ya vitabu kwa jina. Kijana aliyepitia hapo miaka michache baadaye alijifunza kazi mahali ambapo kila mtu alijua kwamba muuza vitabu naye anaweza kushikwa kwa kosa la kitabu.

Nimetumia kurasa tatu kueleza jinsi biashara ya vitabu ya Kijerumani ilivyokwenda, na sitazipunguza hata nikishauriwa. Mchapishaji alituma vitabu vipya kwenye maduka ya miji mingine bila kulipwa. Duka liliviweka rafuni, likauza ilichoweza, na wakati wa maonyesho ya Pasaka mjini Leipzig hesabu zilifungwa, vilivyouzwa vikalipiwa na vilivyododa vikarudishwa. Mfanyabiashara wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa hiyo ni mali kauli. Faida yake ilikuwa kwamba hata duka la mji mdogo liliweza kuwa na kitabu kigumu ambacho mwenye duka asingethubutu kukinunua kwa fedha yake. Trübner alilelewa katika utaratibu huo, na alipofika Uingereza, ambako desturi ilikuwa tofauti, aliuchukua pamoja naye kichwani.

Tarehe 18 Februari

Sura ya London. Alipokuwa Frankfurt alikutana na William Longman, wa nyumba ya vitabu iliyoanzishwa London mwaka 1724, naye akampa nafasi ya karani wa barua za nje. Hivyo ndivyo alivyohama. Hakukimbia vita wala njaa. Aliitwa kwa sababu ya lugha alizozijua, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma na kujibu barua za watu waliotaka vitabu wasivyoweza kuvipata walikokuwa.

Barabara ya Paternoster Row, nyuma ya kanisa kuu la St Paul's, ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara hiyo. Hapo ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1850, aliposhirikiana na Thomas Delf kuendesha wakala wa vitabu vya Marekani, na mwanzo wao haukufanikiwa. Baadaye akasimama tena, kwa ushirika na David Nutt, na mwaka 1854 akasafiri hadi Marekani kuonana ana kwa ana na waandishi na wauza vitabu wa huko. Kwa Mwingereza wa wakati ule, vitabu vya Marekani vilikuwa kitu cha kudharauliwa au cha kuibwa, maana hapakuwa na sheria ya pamoja ya haki za waandishi kati ya nchi hizo mbili hadi mwaka 1891. Trübner aliona kitu kingine. Aliona nchi yenye vyuo, jumuiya za kisayansi na maktaba nyingi, ambayo machapisho yake hayakuwa na mlango wa kuingilia Ulaya, akajifanya yeye mlango huo.

Barabara yenyewe haipo tena kama alivyoijua. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliiteketeza Paternoster Row, na mamilioni ya vitabu yakaungua. Nimeliweka jambo hilo katika sentensi mbili tu mwishoni mwa sura, lakini nilikaa nalo siku nzima.

Tarehe 6 Machi

Nimefika kwenye sura ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa kitabu, nayo inahusu orodha.

Aliporudi kutoka Marekani, Trübner alitoa mwaka 1855 mwongozo wa vitabu vya Kimarekani, na mwaka 1859 akautoa upya ukiwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza, pamoja na makala kuhusu historia ya maandishi na maktaba za nchi hiyo. Mwaka 1865 akaanzisha jarida lililotoka kila mwezi, likiorodhesha vitabu vya Marekani, India, China na makoloni ya Uingereza, kwa majina, kwa bei na mara nyingi kwa maelezo ya yaliyomo. Mwaka 1872 akatoa katalogi ya kamusi na sarufi za lugha kuu za dunia na lahaja zake, na toleo lake la pili, lililopanuliwa, likatoka mwaka 1882.

Naijua kazi hii kwa mikono yangu. Mteja huja akiulizia kitabu ambacho jina lake amelisahau nusu, anakumbuka jalada la kijani na kwamba kilizungumzia majini, na muuza vitabu anayestahili jina hilo ni yule anayeweza kukifikia kitabu hicho kwa kumbukumbu zake. Trübner alilifanya hilo kwa lugha zote alizoweza kuzisikia. Mtu aliyekuwa Calcutta au Cape Town akiandika sarufi ya lugha isiyokuwa na kitabu hata kimoja aliweza kujua, kwa kupitia karatasi za duka moja la London, nani mwingine duniani alikuwa akifanya kazi inayofanana na yake. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba orodha hizo zilikuwa kazi ya elimu, hata kama mwisho wa kila mstari palikuwa na bei.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya kitabu cha Hermann Ludewig. Huyu alikuwa mzaliwa wa Dresden aliyehamia New York, mwanasheria kwa kazi, ambaye kwa mapenzi yake alikusanya orodha ya kila kilichoandikwa kuhusu lugha za wenyeji wa asili wa Amerika. Alifariki mwezi Desemba 1856, kitabu kikiwa hakijatoka. Mtaalamu wa lugha William Turner akaongeza na kusahihisha, na Trübner mwenyewe akakihariri na kukitoa mwaka 1858. Tazama basi hali ilivyokuwa: Mjerumani aliyehamia London anakaa usiku na karatasi za Mjerumani aliyehamia New York, ambaye hayupo tena kujibu barua, akihakikisha majina ya lugha ambazo nyingi hakuna hata mtu mmoja Ulaya aliyewahi kuzisikia zikisemwa. Kitabu kama hicho hakina wanunuzi wengi katika nchi yoyote. Kilichapwa kwa sababu aliyekishika aliona kuwa kukiacha kife na mwenyewe ni hasara isiyolipika.

Tarehe 11 Machi

Marekebisho. Katika rasimu ya sura ya pili nilimpa Nicholas duka la Strassburg lililoanzishwa mwaka 1872. Duka hilo lilikuwa la mpwa wake, Karl Trübner, naye ana sifa yake mwenyewe: mwaka 1888 alifanikisha kurudishwa Heidelberg kwa Codex Manesse, mswada mashuhuri wa mashairi ya Kijerumani ya zama za kati, uliokuwa Paris. Nimesahihisha, na nimeweka kanuni kwamba jina la ukoo likitajwa peke yake litamaanisha Nicholas. Kuhusu jina la kwanza, nitaandika Nikolaus hadi mwaka 1843 na Nicholas baada ya hapo.

Tarehe 15 Machi

Sura ya nyumbani ni fupi na itabaki hivyo. Alimwoa Cornelie, binti wa Octave Delepierre, konseli wa Ubelgiji mjini London, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu adimu. Baba mkwe huyo alifariki mwaka 1879 nyumbani kwa mkwewe, Upper Hamilton Terrace. Trübner aliendelea kusoma hata alipokuwa na duka kubwa: alijifunza Kisanskriti kwa Theodor Goldstücker na Kiebrania kwa Abraham Benisch, wahamiaji kama yeye. Yule kijana ambaye wazazi wake hawakuweza kumlipia chuo aliipata elimu kwa njia ya wateja wake.

Tarehe 29 Machi

Nimeshughulikia swali la fedha, kwa kuwa msomaji makini atauliza duka lililishwa na nini. Sehemu ya jibu ni wakala, yaani kamisheni ya kuagizia maktaba na jumuiya za elimu. Sehemu nyingine ni vitabu ambavyo mwandishi aligharamia mwenyewe, na duka likasimamia na kuuza. Kwa mfano Samuel Butler, baada ya kukataliwa kwingine, alijilipia mwaka 1872 riwaya yake Erewhon, ikatoka bila jina lake na jina la Trübner likiwa chini. Na mara chache ilitokea bahati: utenzi wa Edwin Arnold kuhusu maisha ya Buddha, uliotoka mwaka 1879, ulisomwa na watu ambao wasingegusa kamwe sarufi ya Kipahlavi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha mfululizo wake wa vitabu vya Mashariki, ambao ulifikia karibu juzuu 50 katika uhai wake. Kitabu kinachouzika hukibeba kinachododa, na kila mwenye duka huijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Tarehe 14 Aprili

Sasa nimefika kwetu, na hapa nimelazimika kujizuia.

Rasimu ya kwanza ya sura ya sita ilianza kwa sentensi isemayo kwamba Trübner alikipenda Kiswahili. Nimeifuta, kwa kuwa mapenzi yake yalikuwa kwa lugha kama lugha, zote, na Kiswahili kiliingia dukani kwake kwa mlango uleule ulioingiza Kipali na Kidravidi. Kinachoweza kusemwa bila kutia chumvi kinatosha. Mwaka 1862 ilitoka sehemu ya kwanza ya sarufi linganishi ya Wilhelm Bleek kuhusu lugha za kusini mwa Afrika, kazi iliyoliingiza neno Bantu katika elimu ya lugha, na chini ya ukurasa wake wa anwani yamo majina mawili: la Trübner wa London, na la Jan Carel Juta wa Cape Town, Mholanzi aliyehamia huko mwaka 1853 pamoja na mkewe Louise, umbu lake Karl Marx. Kwa hiyo jina la jamii ya lugha ambayo Kiswahili kimo ndani yake liliwafikia wasomi wa dunia likiwa limebebwa na wauza vitabu wawili, wahamiaji wote wawili. Mwaka 1883 Trübner akatoa juzuu mbili za Robert Cust kuhusu lugha za Afrika zisemwazo wakati ule, pamoja na ramani yake.

Kati ya hizo mbili ndipo ilipo kamusi ya Krapf. Maneno mengi yaliyomo aliyakusanya Mombasa na Rabai tangu miaka ya 1840, akiyaandika kwa herufi za Kirumi wakati ambapo waandishi wa pwani waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu. Sura tatu za Kitabu cha Mwanzo alizozitafsiri zilikwisha chapwa mwaka 1847 katika jarida la jumuiya ya wasomi wa Mashariki ya Marekani, na sarufi yake ilitoka Tübingen mwaka 1850. Kamusi ndiyo iliyochelewa. Aliondoka pwani mwaka 1853, na zikapita karibu miaka 30. Krapf akafariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, na mwaka uliofuata kitabu cha zaidi ya kurasa 400 kikatoka Ludgate Hill.

Nilipoandika tarehe hizo mbili kwa kufuatana, nilimkumbuka Ludewig. Kwa mara nyingine, muuza vitabu huyu alitoa kazi kubwa ya lugha ambayo mwandishi wake alikuwa kaburini. Nimeyaweka matukio hayo katika aya moja, na msomaji atayapima mwenyewe. Jambo moja nimelisema kwa sauti yangu: ndani ya kamusi hiyo yamo maneno ya Kimvita ambayo bibi yangu aliyatumia na ambayo wajukuu zangu hawayajui, na hayakufika hapo kwa juhudi ya Krapf na ya wazee wa Mombasa waliomfundisha peke yake, alihitajika pia mtu wa mjini, mwenye duka na daftari la hesabu, aliyekubali kulipia karatasi.

Tarehe 2 Mei

Sura ya saba, ya mwisho, inasimulia mambo ya mwaka 1884 na baada yake. Trübner alifariki mwezi Machi, miaka miwili tu baada ya kamusi. Mwaka 1889 duka liliunganishwa na jingine likawa Kegan Paul, Trench, Trübner and Co., na jina lake likaendelea kuonekana chini ya kurasa za anwani kwa miaka mingi baada ya watu waliomjua kwa sura kuondoka.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nimemheshimu tangu aliponifundisha insha, amesoma rasimu yote. Ameniambia sura ya orodha ni ndefu kupita kiasi na ya nyumbani ni fupi kupita kiasi. La pili nimelikubali na nimeongeza aya mbili kuhusu Cornelie na baba yake. La kwanza nimemwomba radhi, na nimeiacha sura kama ilivyo.

Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu amemaliza kupanga kurasa, 86 kwa jumla, na alama za ü zimetoka sawasawa. Mpiga chapa amekubali nakala 200 kwa awamu ya kwanza. Nimekwisha zungumza na wauza vitabu wanne wa mjini, wawili wenye maduka na wawili wanaotandaza kando ya barabara. Kila mmoja atachukua nakala 15 mali kauli, na hesabu tutaifunga baada ya Idi.